Kichwa Kinaanzia Wapi? Kupe, Jongoo na Mnyoo-mahameli

Mfugaji wa Kongwa akimng'oa kupe kwenye sikio la ndama, akaona kitu cheusi kimesalia kwenye ngozi, husema kichwa kimebaki. Wenye mbwa mjini Dodoma husema hivyo hivyo, na wapo wanaoongeza kwamba kichwa hicho kitaendelea kunyonya, au kitaota mwili mpya. Kilichosalia ni sehemu za mdomo tu: mkuki mfupi wenye meno yaliyoelekea nyuma kama ncha ya ndoano, pamoja na visu viwili vidogo vilivyoichana ngozi. Ubongo wa kupe haumo humo. Uko ndani ya mwili wake, umeuzunguka umio, yaani mrija wa kumezea chakula, na umeondoka naye. Hata macho, kwa aina za kupe zenye macho, yako pembeni mwa ngao ya mgongoni.

Kipande kilichobaki kinaweza kuwasha na kutunga usaha kama mwiba wowote uliokwama, lakini hakinyonyi wala hakioti chochote. Kibanio kishike karibu kabisa na ngozi, kisha vuta taratibu, moja kwa moja. Ukimshika kupe tumboni unamkamua, na ukimzungusha unauvunja mkuki. Mafuta ya taa na njiti ya kiberiti havisaidii.

Sasa, ikiwa ubongo na macho ya kupe havimo katika kile tunachokiita kichwa, kichwa chake kiko wapi? Wanasayansi wamebishana juu ya swali hili kwa zaidi ya miaka 100, na si kwa kupe tu. Nge, buibui, tandu, jongoo, panzi na kaa wote wanalo. Shahidi muhimu kuliko wote katika shauri hili ni mnyama laini ambaye hapa Tanzania ya kati hutamwona, na ambaye hana hata jina lililozoeleka kwa Kiswahili. Hapa tutamwita mnyoo-mahameli.

Maneno ya kushika kwanza

Chukua bua la mtama. Limegawanyika katika pingili, na kila pingili inaweza kutoa jani lake. Mwili wa panzi au wa tandu umejengwa kwa mpango kama huo: pingili moja baada ya nyingine, na kila pingili, kwa asili, ina jozi moja ya viungo. Kiungo hicho kinaweza kuwa mguu, taya, gando au kipapasio, yaani ule "unywele" wa mbele ambao mdudu hupapasia na kunusia. Kinaweza pia kutoweka kabisa, kama jani lililonyauka kwenye bua.

Wanyama wenye pingili, gamba gumu la nje na miguu yenye maungio huitwa arithropodi. Katika mazungumzo ya kawaida wote tunawaita wadudu, na hakuna ubaya, ila mwanabiolojia akisema mdudu anamaanisha mwenye miguu 6 tu, kama panzi, mchwa na nzi. Kupe aliyekomaa ana 8, kwa hiyo yuko upande wa buibui na nge.

Kifundo cha neva ni uvimbe mdogo wa seli za neva. Kwa arithropodi, kila pingili huwa na jozi ya vifundo, na vyote vimeunganishwa upande wa tumboni kama shanga kwenye uzi. Ubongo wao ni vifundo vya pingili za mbele kabisa vilivyosogeleana na kuungana juu ya umio. Kamba za neva hushuka pande zote mbili za umio kwenda kukutana na zile shanga za tumboni, ndiyo maana chakula cha panzi hupita katikati ya pete ya neva kila anapomeza.

Mnyoo-mahameli si mnyoo wa tumboni wala wa ardhini. Ana mwili laini wenye vijinundu vidogo sana vinavyoifanya ngozi ionekane kama kitambaa cha mahameli, na miguu minene isiyo na maungio, kuanzia jozi 13 hadi 43 kutegemea spishi. Zaidi ya spishi 200 zinajulikana. Barani Afrika wako Afrika Kusini na katika misitu ya Gabon. Wengine wako Amerika ya Kati na Kusini, Australia, New Zealand na Asia ya kusini-mashariki. Anapumulia vitundu vidogo vilivyotapakaa mwilini, na vitundu hivyo hawezi kuvifunga. Kwa hiyo hukauka upesi mno, na huishi chini ya magogo yaliyooza na majani yenye unyevu. Nchi ya Dodoma, inayokaa bila mvua tangu Mei hadi Novemba, ingemmaliza ndani ya siku moja. Wale viumbe wadogo wekundu wanaotambaa juu ya mchanga baada ya mvua ya kwanza, nao wakiwa kama wamevikwa mahameli, ni utitiri, ndugu wa kupe. Wasichanganywe na huyu.

Aliyemwandika mara ya kwanza, Lansdown Guilding, mwaka 1826 huko kisiwani St Vincent, alimdhania jamii ya konokono asiye na gamba. Jina alilompa kwa Kilatini lilimaanisha "mwenye umbo la jongoo". Kwa maneno mengine, mkanganyiko ulianza siku ileile ya kwanza.

Kichwa cha treni na mchongoko

Tunaposema kichwa cha treni tunafikiria injini iliyoundwa peke yake na kufungwa mbele ya mabehewa. Watu wengi wanakiona kichwa cha mnyama vivyo hivyo, kama kitu cha pekee kilichobandikwa mbele ya mwili. Lakini treni ya mchongoko inayoingia Dodoma haina injini ya kuikokota kutoka mbele. Behewa la kwanza lenyewe ndilo lenye chumba cha dereva. Kichwa cha arithropodi kinafanana zaidi na mchongoko: ni pingili za mwili, zilezile za mtindo wa nyuma, ambazo kuta zake zimevunjwa, zikaunganishwa na kupewa kazi nyingine.

Kichwa cha panzi kimeundwa kwa pingili 6. Ya kwanza ina macho, ya pili vipapasio, ya tatu haina kiungo chochote, na 3 zinazofuata zina jozi 3 za viungo vya kutafunia na kushikia chakula. Vifundo vya pingili 3 za kwanza vinafanya ubongo. Vifundo vya 3 za mwisho vinafanya uvimbe wa pili chini ya umio. Ile ya tatu, isiyo na kitu, ndiyo inayowaponyoka watu wakati wa kuhesabu. Kwa panzi mzima huioni hata ukitumia kioo cha kukuzia. Inaonekana katika kiinitete ndani ya yai, na katika ubongo, ambako kifundo chake kipo ingawa kiungo hakipo.

Jongoo juu ya karatasi nyeupe

Mvua za Desemba zikianza, majongoo makubwa meusi hujaa njiani, na ni somo zuri kuliko picha yoyote. Tafuta aliyekwisha kufa. Akiwa amekauka huku amejikunja, usimnyooshe kwa nguvu kwa sababu pete zitaachana. Mloweke kwenye maji ya uvuguvugu mpaka alegee, kisha mlaze ubavu juu ya karatasi nyeupe. Nawa mikono baadaye na usijifikiche macho, kwa maana majimaji ya ubavuni mwake yanachoma.

Anza mbele. Kuna vipapasio viwili vyenye vipande vidogo vidogo, na kando yake mabaka meusi, ambayo ukiyakuza ni rundo la macho madogo madogo. Chini yake kuna mataya. Nyuma ya kichwa kuna pete pana kama kola ya shati. Hapa ndipo wengi wanapokosea: kola hiyo wanaihesabu kuwa kichwa, kumbe ni pete ya kwanza ya kiwiliwili ambayo haina miguu. Pete 3 zinazofuata zina jozi moja ya miguu kila moja. Kuanzia hapo kila pete ina jozi 2. Sababu yake ni kwamba kila pete ya nyuma ni pingili mbili zilizoungana na kuwa gamba moja. Kwa hiyo kuungana kwa pingili, jambo linalosikika gumu likitajwa kwenye kichwa, unaliona wazi kwenye mgongo wa jongoo.

Wapo wanaosema jongoo ana vichwa viwili, mbele na nyuma. Mwenye shaka atafute vipapasio. Viko upande mmoja tu.

Tandu ana mtego wake. Tunasema "ameuma", lakini sumu yake haitoki mdomoni. Zile ndoano mbili zilizo chini ya kichwa ni jozi ya kwanza ya miguu ya kiwiliwili iliyogeuzwa kuwa silaha. Zimefika mbele, zimefanya kazi ya mdomo, ila hazijaingia kichwani.

Fuata neva, usifuate umbo

Hapo sheria inajitokeza. Umbo linadanganya, mahali panadanganya, hata kazi inadanganya. Ukitaka kujua kiungo ni cha pingili gani, tafuta neva yake inaingia sehemu gani ya ubongo. Ni kama kutafuta nyumba ipi inatumia mita ipi ya umeme: hutazami rangi ya ukuta, unafuata waya.

Mfuate mnyoo-mahameli kwa sheria hiyo. Kichwani ana jozi 3 za viungo. Mbele kabisa kuna vipapasio laini, na macho mawili madogo kwenye mashina yake. Ndani ya mdomo kuna mataya. Pembeni mwa mdomo kuna vibomba viwili vinavyorusha gundi. Gundi hiyo, ambayo karibu asilimia 90 ni maji na sehemu kubwa ya iliyobaki ni protini, hutoka kwa nyuzi mbili zinazoyumba kushoto na kulia na kumnasa mchwa au mdudu mwingine papo hapo.

Vipapasio vyake vinafanana na vya jongoo na viko mahali palepale. Hata hivyo neva zake zinaingia sehemu ya kwanza ya ubongo, ile ya macho. Neva za vipapasio vya jongoo zinaingia sehemu ya pili. Basi si kiungo kimoja. Kinachopata neva kutoka sehemu ya pili kwa mnyoo-mahameli ni mataya.

Mataya hayo yanastahili kuangaliwa kwa karibu. Kila taya lina wembe mbili zilizopinda, na hazikutani kwa kubana kutoka pembeni kama za panzi. Zinakwenda mbele na nyuma, kama mtu anayeparura. Ziweke kando ya kucha za miguu ya mnyama huyohuyo utaona ni kitu kilekile: wembe zilizopinda, mbili mbili, na chini ya kila moja kuna nyingine changa iliyokwisha kuundwa, inayosubiri ile ya juu ivuliwe pamoja na ngozi. Katika kiinitete, taya huanza kama kichipukizi cha mguu nje ya mwili, kisha midomo hukua kuzunguka na kulifunika. Kwa ufupi, mnyoo-mahameli anatafuna kwa miguu aliyoimeza.

Sasa weka wanyama wote kwenye mstari wa sehemu ya pili ya ubongo. Kwa panzi, tandu na jongoo, utakuta vipapasio. Kwa kamba wa baharini, jozi ya kwanza ya vipapasio vyake viwili-viwili. Kwa nge, vile vibanio vidogo vilivyo juu ya mdomo vinavyoitwa kelisera. Kwa buibui, kelisera zenye meno ya sumu. Kwa kupe, kelisera ndivyo vile visu viwili vilivyobaki kwenye sikio la ndama. Kisu cha kupe, kipapasio cha jongoo na taya la mnyoo-mahameli ni kiungo kimoja cha asili kilichofinyangwa njia tatu. Magando makubwa ya nge yanahesabiwa sehemu ya tatu, na hapo hapo ndipo kamba ana vipapasio vyake vya pili, na panzi hana kitu.

Vibomba vya gundi navyo ni vya pingili ya tatu. Lakini neva zake hazitoki kwenye ubongo. Zinatoka kwenye kamba za neva za mwilini. Ubongo wa mnyoo-mahameli una sehemu 2 tu, wakati wa arithropodi una 3. Kamba zake mbili za neva zimeachana mbali, na zimeunganishwa kwa vijiti vingi kama ngazi ya kamba, bila zile shanga za vifundo. Ndiyo sababu ya kumwita shahidi: anatuonyesha kichwa kilichounganisha pingili chache, na ubongo ambao pingili ya tatu haijajiunga nao.

Isichukuliwe kwamba yeye ni babu wa wadudu. Kosa hili ni la kawaida na linaharibu kila hoja inayofuata. Mnyoo-mahameli wa leo ni binamu. Ukoo wake na ukoo wa arithropodi viliachana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na tangu hapo kila upande umebadilika kivyake. Gundi yake, kwa mfano, ni ufundi wa ukoo wake. Tunachofanya ni kulinganisha binamu wawili ili kukisia sura ya babu yao wa pamoja.

Jeni zilivyomaliza ubishi mmoja

Kwa muda mrefu vitabu vilisema buibui na ndugu zake waliipoteza pingili ya pili, kwa kuwa hawana vipapasio. Mwaka 1998 timu mbili za watafiti, moja ikichunguza viinitete vya buibui na nyingine vya utitiri, zilitazama jeni za Hox. Hizi ni jeni zinazopanga mwili kutoka mbele kwenda nyuma. Kila moja huwaka katika pingili zake, kama namba za nyumba mtaani. Mipaka ya kuwaka kwa jeni hizo ilionyesha kwamba pingili ya kelisera ni ileile ya vipapasio vya wadudu. Hakuna pingili iliyopotea. Ilikuwepo siku zote, ikiwa imeshika kisu.

Kuhusu wale wanaosema wadudu hawana ubongo kwa sababu mende huishi siku kadhaa bila kichwa: mende anao ubongo, tena wenye kujifunza. Anaishi kwa sababu hapumui kwa mdomo bali kwa vitundu vya ubavuni, damu yake haisukumwi kwa shinikizo kubwa kama yetu, na vifundo vya kiwiliwili vinaendesha miguu bila kungoja amri. Hufa baadaye kwa kukosa maji na chakula, kama si kwa kuvu.

Mawe ya kale na ubishi uliobaki

Jeni za wanyama wa leo haziwezi kutuonyesha hatua za katikati. Kwa hizo tunahitaji visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhiwa katika mawe, na visukuku vina mitego yake. Hallucigenia wa Kanada, mnyama mdogo wa miaka takriban milioni 508 iliyopita, alifafanuliwa mwaka 1977 akiwa kichwa chini miguu juu: miba ya mgongoni ilidhaniwa kuwa miguu. Mwaka 1991 aligeuzwa. Hata hivyo alibaki nyuma mbele mpaka 2015, ilipobainika kwamba doa jeusi lililoitwa kichwa lilikuwa majimaji yaliyokamuliwa mwilini wakati wa kuoza. Kichwa halisi, chenye macho mawili, kilikuwa upande wa pili. Mwaka mmoja kabla, watafiti walikuwa wameonyesha kwamba kucha zake zimepangwa moja ndani ya nyingine, kama zile za mnyoo-mahameli.

Ubongo wenyewe huacha alama mara chache sana, utando mweusi ndani ya jiwe, na ugumu uko hapo. Lyrarapax wa Yunnan, China, mwindaji wa baharini mwenye mikono miwili ya kukamatia mbele ya kichwa, alichapishwa mwaka 2014 kwa maelezo kwamba neva za mikono hiyo zinaingia sehemu ya kwanza ya ubongo. Hivyo mikono yake ingekuwa sawa na vipapasio vya mnyoo-mahameli. Mwaka 2022 akaja ndugu yake, Stanleycaris wa Kanada, mwenye macho matatu. Vielelezo 268 vilichunguzwa, na 84 kati yake vilikuwa na mabaki ya ubongo na neva. Ubongo ulisomwa kuwa wa sehemu 2: ya kwanza inahudumia macho, ya pili inahudumia mikono. Kwa usomaji huu mikono hiyo iko mstari mmoja na kipapasio cha jongoo na kisu cha kupe.

Usomaji wote wawili hauwezi kuwa sahihi kwa jamii moja ya wanyama. Uzito wa vielelezo uko upande wa Stanleycaris, kwa maoni ya mwandishi huyu, kwa sababu neva iliyoonekana kwenye mawe mengi ni vigumu kuwa doa la kuoza tu.

Mwaka huohuo wa 2022 ulichapishwa pia uchunguzi wa Cardiodictyon wa Yunnan, mnyama mwenye miguu laini asiyefika hata sentimita 2, ambaye kisukuku chake kilipatikana 1984. Waliomchunguza walisema kiwiliwili chake kina pingili lakini kichwa chake hakina hata moja. Ikiwa ni hivyo, sehemu ya mbele kabisa ya ubongo, ile ya macho, haikuwahi kuwa pingili, na hapo mchongoko wetu unahitaji kipande cha mbele ambacho hakikuwahi kuwa behewa. Wanaopinga wanauelekeza ubishi kwenye vipapasio vya mnyoo-mahameli: vinachipuka kwenye kiinitete kwa namna inayofanana na miguu, na mguu kwa kawaida huota penye pingili. Kwa panzi, mahali palepale mbele ya mdomo pana kipande kimoja tu kinachoning'inia kama pazia juu ya mataya, yaani mdomo wa juu. Wapo wanaosema ni vipapasio hivyo vya kale, viwili vilivyosinyaa na kuungana kuwa kimoja, na katika baadhi ya viinitete vya wadudu mdomo huo kweli huanza kama vichipukizi viwili vilivyo pembeni kwa pembeni.